Shajara ya mradi: Mpinzani wa poka, nimwandike au nimwache apite?

Jumapili, 5 Januari 2025

Leo naanza. Kwenye tovuti ninayochezea poka, ukibofya jina la mtu mezani kinafunguka kisanduku cheupe. Unaandika humo lolote juu yake, na siku mkikutana tena maneno yako yanakusubiri. Mwaka jana wote nilikitumia bila mpango: wiki moja naandika kila mtu, wiki mbili simwandiki yeyote. Sijui kama kiliwahi kunisaidia hata mara moja, na nimechoka kutojua.

Masharti ni haya. Wiki kumi, meza nne kwa wakati mmoja, watu sita kila meza. Mchezo ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau: kila mtu ana karata mbili za siri, na karata tano za wazi hufunguliwa mezani, tatu kwanza (flopu), kisha ya nne, kisha ya tano. Blaindi, yaani madau ya lazima ya watu wawili kabla ya karata, ni senti 5 na senti 10 za dola, kwa hiyo mtaji wa kukaa mezani ni dola 10, yaani blaindi kubwa 100. Saa tano kwa wiki zinanipa mikono kama 1,400, mkono ukiwa duru moja ya karata.

Fedha ya mradi ni dola 300. Kikomo cha kuweka pesa nimekifunga kwenye akaunti, na zikiisha hizo mradi umekufa. Naishi Leicester, Uingereza, nafanya kazi ghalani, na mke wangu anakijua kiasi hiki hadi senti ya mwisho. Naliweka hili mwanzoni kwa makusudi. Poka ni mchezo wa pesa, na anayesoma ajue pesa yenyewe imefungiwa wapi.

Wapinzani siwataji majina yao ya mezani. Kila mmoja atapewa namba kwa mpangilio niliowaandika.

Mpango wa kupima: kwenye meza mbili naandika madokezo na kuyasoma. Kwenye meza mbili nyingine naficha visanduku, nacheza kama vile kila mtu ni mgeni. Wiki ya kumi nalinganisha faida.

Jumapili, 12 Januari

Mikono 1,430. Madokezo 22.

Tatizo la kwanza limejitokeza siku ya pili. Kuandika dokezo la mstari mmoja kunanichukua sekunde 20 hadi 25, na meza hainisubiri. Jumanne nilikuwa naandika juu ya Mchezaji wa 9, na meza ya tatu ikanigawia A-K. Muda wangu ukaisha kabla sijarudisha macho. Programu ikanitupia karata. A-K ni michanganyiko 16 kati ya 1,326 ya karata mbili inayowezekana, haiji kila dakika, na mimi nikaipoteza kwa kuandika kwamba mtu fulani ni "mwoga".

Kuanzia kesho sitaandika mkono ukiwa unaendelea popote. Namba ya mkono naiandika kwenye karatasi kwa kalamu, dokezo naliandika baada ya kikao. Tovuti inahifadhi kila mkono nilioshiriki kama faili la maandishi, kwa hiyo hakuna kitakachopotea.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimevunja mpango wangu mwenyewe, na bora nimeuvunja mapema.

Nilikaa na kikokotoo kujiuliza wiki kumi zitanionyesha nini hasa. Kwenye meza za watu sita matokeo huyumba sana. Mkengeuko wa kawaida (kipimo cha kuyumba huko) wa blaindi kubwa 90 kwa kila mikono 100 ni makisio ya kawaida, na faili zangu za mwaka jana zinatoa namba iliyo karibu na hiyo. Tuseme madokezo yananiongezea blaindi 5 kwa mikono 100, faida ambayo mchezaji yeyote wa ngazi yangu angeipokea kwa mikono miwili. Ili niione hiyo 5 waziwazi katikati ya huo mtikisiko, nahitaji mikono kama 258,000 kila upande. Pande mbili ni 516,000. Kwa kasi yangu ya 1,400 kwa wiki, hiyo ni miaka saba.

Mikono 14,000 ya mradi huu haitasema lolote kuhusu faida. Nikimaliza na dola 60 juu, si ushahidi wa madokezo. Nikimaliza na dola 60 chini, si ushahidi dhidi yao. Kuna watu wengi wanaoapa kwamba madokezo yamewainua au hayafai kitu, na wote wanapima kwa mfuko. Mfuko ndio mizani mbovu kuliko zote hapa.

Kipimo kipya: uamuzi. Kila mara dokezo litakapobadilisha nilichokuwa nifanye (nilitaka kutupa karata nikafuata dau, yaani nikalilipa, au nilitaka kufuata nikatupa) naandika mkono huo kwenye daftari. Mwisho nausoma mmoja mmoja na kuuliza kama lile dokezo lilikuwa na haki ya kunibadilisha. Meza zote nne sasa zinatumia madokezo.

Alhamisi, 23 Januari

Mwenzangu wa kazini anayecheza pia aliniuliza kwa nini nisinunue programu ya takwimu, kama PokerTracker au Hold'em Manager, zinazobandika namba juu ya kila mpinzani. Tovuti yangu haiziruhusu, na si yenyewe tu. Tovuti ya PartyPoker walizizuia Juni 2019 na wakawataka wachezaji wabadilishe majina yao ya mezani, ili mafaili yote ya zamani yafe siku moja. Zipo pia tovuti ambazo mezani hakuna majina kabisa, viti tu. Kwa hiyo swali langu ni la jicho na kalamu.

Hata hivyo ilinifaa kukumbuka jinsi namba zenyewe zinavyohitaji subira. Chukua ile takwimu ya kwanza kabisa, asilimia ya mikono ambayo mtu anaingiza pesa kwa hiari yake. Umemwona akicheza mikono 6 kati ya 20. Ni asilimia 30, lakini kwa sampuli hiyo ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 10 na 50, yaani kuanzia mtu mgumu kama jiwe hadi mtu anayecheza chochote. Baada ya mikono 400 ile 30 inakuwa 30 kweli, kosa lake likiwa pointi nne au tano. Na hiyo ni takwimu inayojitokeza kila mkono. Matukio adimu, kama dau kubwa la karata ya tano, mtu unaweza kukaa naye wiki nzima ukaona mawili.

Namba moja moja ni dhaifu. Je, mkono mmoja uliofunuliwa? Hapo naona kuna tofauti, ila sijaweza kuisema vizuri.

Jumapili, 2 Februari

Nitaandika mkono huu kwa kirefu.

Niko nafasi ya mwisho, ya kuamua baada ya wengine, na A-Q. Napandisha hadi senti 30. Mchezaji wa 14, blaindi kubwa, anafuata. Kitita, yaani pesa yote ya kushindaniwa, senti 65. Flopu: Q-8-5, hakuna mbili za alama moja, kama kopa mbili. Anapita (haweki dau), naweka senti 40, anafuata. Karata ya nne ni 2. Anapita, naweka dola 1, anafuata. Kitita sasa ni dola 3.45. Karata ya tano ni J. Na hapo, bila kunisubiri, anaweka yote: dola 8.30.

Dau la mara mbili na zaidi ya kitita, kutoka kwa mtu aliyekuwa anafuata kimya. Mimi nina jozi moja. Ili kufuata kuwe na faida nahitaji kushinda asilimia 41 ya wakati, na kwenye meza hizi za senti watu hawatishii (kuweka dau bila karata ya maana) kwa dau la namna hiyo mara nyingi kiasi hicho. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutupa. Nikasoma kisanduku. Dokezo langu la wiki ya kwanza lilisema: "Mwongo. Dau kubwa mwishoni, mfuate."

Nikamfuata. Akafunua 8-8. Nane tatu, tangu flopu.

Dola 10 zimekwenda, na dola 10 si kitu cha kuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba akili yangu ilikuwa imeamua sawasawa, na sentensi yangu mwenyewe ikaishinda.

Nilifungua faili la mkono ule wa Januari ulionifanya nimwite mwongo. Mimi sikuwemo, nilikuwa nimeshatupa. Mchezaji wa 14 alikuwa nafasi ya mwisho, mpinzani wake alikuwa amepita mara mbili mfululizo, kitita kilikuwa senti 90, na yeye akaweka senti 60. Akafuatwa, akafunua karata za kopa ambazo kopa ya tano haikuja. Hilo ndilo "dau kubwa" langu: theluthi mbili ya kitita, dhidi ya mtu aliyeonyesha udhaifu mara mbili. Yeyote mezani pale angeweka dau hilo. Mimi pia ningeliweka.

Neno "kubwa" lilikuwa limebeba senti 60 siku ile. Wiki tatu baadaye nikalipa liibebe dola 8.30.

Jumatatu, 3 Februari

Jioni niliongea na shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni muuguzi Muheza. Hachezi karata za pesa wala hapendi, lakini alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema:

"Shemeji, kwetu wodini ukiandika kwenye faili 'mgonjwa mkaidi', muuguzi wa zamu ya usiku hana la kufanya nalo. Ataingia amemkunjia uso tu. Andika 'saa mbili usiku amekataa kidonge, amesema kinamchoma tumbo'. Huyo wa usiku ana pa kuanzia."

Nikamwambia, basi mimi ndiye wa zamu ya usiku. Akasema ndiyo, na aliyeandika mchana alikuwa na haraka.

Nimelala na maneno hayo. Ninayeandika dokezo nimeona karata. Nitakayelisoma wiki tatu baadaye sikuziona, sizikumbuki, na nina sekunde 15. Nikipewa hukumu bila ushahidi, nitaitii tu, kwa sababu hukumu yenyewe ina mwandiko wangu.

Jumamosi, 8 Februari

Leo sikucheza. Nimekagua madokezo yote 63 niliyonayo, moja moja, nikiyalinganisha na mafaili ya mikono.

Madokezo 41 ni hukumu tupu: mwoga, kichaa, jasiri, mgumu, "hajui". Mengine 15 yana hukumu na kipande cha tukio. Yanayosema karata zilizofunuliwa, nafasi na dau ni 7. Saba kati ya sitini na tatu.

Nilipoyafuatilia yale 41 kwenye mafaili, mengi yalitokana na mkono mmoja, na mara nyingi ni mkono ulionichukulia pesa. "Kichaa" karibu kila mara ni mtu aliyenishinda kwa karata dhaifu. "Mwoga" ni mtu aliyetupa nilipokuwa namtishia. Nilikuwa naandika hali ya moyo wangu kwenye kisanduku chenye jina la mtu mwingine.

Nimeyafuta yote 41. Yale 15 nimeyaandika upya kutoka kwenye mafaili. Muundo mpya ni tarehe, nafasi yake, kilichotangulia, dau kama sehemu ya kitita, karata alizofunua. Basi. Hakuna kivumishi wala amri. "Mfuate" ndilo neno baya kuliko yote niliyoyakuta, kwa sababu linaamua kuhusu mkono ambao bado haujagawiwa.

La Mchezaji wa 14 sasa ni mistari miwili:

"8 Jan. Nafasi ya mwisho, mpinzani amepita x2, karata ya 5 dau 0.67 ya kitita, kopa hazikukamilika.

2 Feb. Blaindi kubwa, alifuata flopu na karata ya 4, karata ya 5 akaweka yote, 2.4 ya kitita, 8-8 kwenye Q-8-5-2-J."

Ukiisoma, mtu mwingine kabisa anaonekana. Akiachiwa nafasi anajaribu kuiba kwa dau la kawaida. Akiwa na karata kweli anapiga nje ya kipimo. Sina uhakika, ni mikono miwili tu, lakini angalau naona kwa nini sina uhakika.

Na tofauti niliyoshindwa kuisema tarehe 23 ndiyo hii. Takwimu ya mikono 20 ni wastani dhaifu. Mkono mmoja uliofunuliwa si wastani wa kitu chochote, unathibitisha tu kwamba jambo hilo liko ndani ya uwezo wa mtu huyu. Sasa najua anaweza kufuata mara mbili na nane tatu bila kupandisha. Kabla ya hapo sikujua. Mara ngapi, hilo ni swali jingine, na dokezo lisijifanye kulijibu.

Jumapili, 16 Februari

Wiki hii nimesoma tena habari za Libratus, programu ya kompyuta inayocheza poka, na zimenifanya niongeze tarehe kwa herufi nzito.

Januari 2017, kwenye kasino moja ya Pittsburgh, Marekani, wachezaji wanne wa kulipwa, Jason Les, Dong Kim, Daniel McAulay na Jimmy Chou, walicheza mikono 120,000 kwa siku 20 dhidi ya programu hiyo iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Watu wale walifanya kile ninachokifanya mimi, kwa ustadi wasioweza kulinganishwa nao watu wa senti kumi. Jioni walikaa pamoja wakalinganisha walichokiona, wakatafuta dau ambalo mashine haikulijibu vizuri, na asubuhi wakalirudia. Lakini usiku mashine nayo ilikuwa ikiziba mianya ileile waliyoigusa zaidi. Dokezo lao la jioni lilikuwa limekufa kabla ya kifungua kinywa. Mwisho Libratus iliongoza kwa zaidi ya dola milioni 1.7 za mchezo tu.

Na yenyewe haikuwinda udhaifu wa mtu yeyote. Ilicheza karibu na mizani ambayo haijali nani amekaa mbele yake, ikawaacha wakosee wenyewe.

Wapo watakaosema hapo swali limekwisha: jifunze kucheza sawasawa, achana na visanduku. Sikubaliani, kwa meza zangu. Mashine ile ilibadilika kila usiku. Mchezaji wa senti 10 anayecheza baada ya kazi habadiliki kila usiku, ana mazoea, na mazoea yanaandikika. Ila naye hubadilika. Anasoma, anapata rafiki wa kumfundisha, anacheza akiwa amechoka. Dokezo la miezi mitatu nitalisoma kama barua ya zamani.

Jumamosi, 1 Machi

Kuna jambo limenisumbua wiki mbili na leo nimeliona vizuri.

Mchezaji wa 31 ana madokezo mawili ya tarehe tofauti: kwenye karata ya nne alipandisha dau la mpinzani kwa kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa, na mara zote mbili alifunua tatu za namba moja, kama zile nane tatu. Jana nina A-A, naweka dau karata ya nne, naye anafanya vilevile, pandisho dogo kabisa. Nikatupa A-A. Bila dokezo nisingetupa, hata kidogo.

Je, nilikuwa sahihi? Sitajua kamwe. Nilipotupa, karata zake zikaenda bila kufunuliwa.

Dokezo linalonifanya nifuate hujaribiwa papo hapo, karata zinafunuliwa na pesa inasema. Dokezo linalonifanya nitupe halijaribiwi. Linaweza kuwa kosa na likaendelea kunitoa kwenye vitita mwaka mzima bila hata mara moja kunionyesha kosa lake, huku mimi nikijipongeza kwa busara. Nikihesabu mafanikio ya madokezo kwa mikono niliyoiona tu, naacha nje nusu ambayo ndiyo yenye hatari.

Daftari la uamuzi sasa lina safu tatu: nilifuata nikawa sahihi, nilifuata nikakosea, nilitupa sijui. Na kwa kila mtu mwenye mistari miwili ya "nilitupa sijui", mara ya tatu, kitita kikiwa kidogo, nitafuata kwa makusudi. Nailipia ile karata. Ni gharama ya mradi.

Jumapili, 9 Machi

Mikono 1,380, madokezo mapya 4 tu. Muundo mpya umenipunguzia kazi: kama hakuna karata iliyofunuliwa, hakuna cha kuandika.

Nimehesabu pia niliokutana nao tena. Kati ya watu wote niliowahi kuwaandika tangu Januari, 19 ndio wamerudi kukaa nami katika kikao kingine. Wengi wao wanacheza saa zilezile ninazocheza mimi, jioni za siku za kazi. Wa wikendi hupita kama wasafiri wa kituo cha basi. Wikendi siandiki tena.

Binamu aliniuliza kama si kumchongea mtu, kumwekea faili bila yeye kujua. Nimelifikiria kwa uzito. Barazani kwetu Tanga hakuna aliyeandika, lakini kila mcheza karata alijua nani hushika turufu hadi mwisho na nani hutoa mapema, na hakuna aliyeona ni dhambi. Kumbuka ulichokiona ukiwa umekaa naye. Nisichokubali ni kununua au kubadilishana mikono ambayo mtu hakushiriki, na tovuti kubwa zinalikataza hilo. Faili langu lina nilivyoviona kwa macho yangu, na lile la hukumu, ambalo kweli lilikuwa la kumchongea mtu, nimeshalifuta.

Jumapili, 16 Machi

Wiki ya kumi. Mikono 14,060. Niko juu kwa dola 21.40, na nimeshasema tarehe 18 Januari kwamba namba hii haina maana kwa swali langu. Naiandika ili isionekane nimeificha.

Daftari la uamuzi, tangu muundo mpya uanze 8 Februari: dokezo lilibadilisha uamuzi wangu mara 17. Nilifuata nikawa sahihi mara 5. Nilifuata nikakosea mara 3. Nilitupa, sijui, mara 9. Kati ya mikono kama elfu saba, kumi na saba. Hilo limenishangaza kuliko yote. Nilidhani visanduku vile vinaongoza nusu ya mchezo wangu.

Visanduku vinabaki. Jioni za kazi tu, karata zilizofunuliwa tu, tarehe mbele, na kila mwezi nafuta ya zaidi ya siku 90. Meza nimepunguza kutoka nne hadi tatu, kwa sababu dokezo nisilo na muda wa kulisoma hadi mwisho ni bora nisiwe nalo.

Mchezaji wa 14 alikaa kushoto kwangu juzi Ijumaa. Nina K-K. Flopu 9-6-3, anafuata. Karata ya nne J, anafuata. Karata ya tano 4, anaweka yote, karibu mara mbili ya kitita. Nilisoma mistari yote miwili, nikaangalia tarehe, nikatupa. Safu ya tatu ilikuwa na mistari minane. Huo ndio wa tisa, na ni wa kwanza kwake.